Kuchaji na Kutunza Betri za Kigari cha Gofu

Betri nyingi za vigari vya gofu hazifi kwa kazi. Hufa kwa kuachwa: kigari kimerudi jioni kikiwa kimeishiwa nguvu, kikaegeshwa bila kuchajiwa kwa wiki kadhaa, au maji yakapungua ndani ya betri hadi sahani za risasi zikabaki wazi, na mwenye kigari akaja kugundua tatizo siku kigari kiliposhindwa kupanda mlima. Seti iliyotunzwa inaweza kufanya kazi kwa miaka mitano na zaidi, ilhali seti ya aina hiyo hiyo, katika mikono ya mtu asiyeijali, huweza kuharibika kabla ya miaka miwili kutimia. Mwongozo huu unahusu hasa betri za risasi na asidi zinazoongezwa maji, kwa kuwa ndizo zinazodai uangalizi wa mara kwa mara. Betri zilizofungwa na zile za lithiamu zitaguswa kwa ufupi baadaye.

Ijue seti uliyo nayo

Kigari cha gofu huendeshwa na betri kadhaa zilizounganishwa kwa mfululizo, yaani kichwa chanya cha betri moja hufungwa kwenye kichwa hasi cha inayofuata, ili volti zake zijumlishwe. Mifumo iliyoenea ni ya volti 36 na volti 48. Ule wa volti 36 kwa kawaida huwa na betri sita za volti 6, na ule wa volti 48 huweza kuwa na betri nane za volti 6, sita za volti 8, au nne za volti 12. Ikiwa lebo zimefutika, hesabu vifuniko vya kuongezea maji: kila kifuniko ni seli moja, na kila seli ni volti 2, kwa hiyo betri yenye vifuniko vitatu ni ya volti 6 na yenye vinne ni ya volti 8.

Muunganisho huo wa mfululizo ndio unaoeleza mengi katika utunzaji. Umeme ule ule hupita katika betri zote, wakati wa kutumia na wakati wa kuchaji, hivyo betri moja iliyochoka huzirudisha nyuma nyingine zote hata kama zenyewe bado ni nzima. Ndiyo maana vipimo vya jumla ya seti havitoshi, na ndiyo maana katika sehemu za mbele nitasisitiza kupima betri moja moja.

Betri hizi pia si sawa na betri ya kuwashia gari. Betri ya gari ina sahani nyembamba na nyingi, zilizokusudiwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache tu. Ya kigari cha gofu ina sahani nene, zinazostahimili kutolewa umeme kwa saa nyingi na kuchajiwa upya mamia ya mara. Anayejaribu kuokoa fedha kwa kufunga betri za gari atazibadilisha mapema mno.

Tahadhari kabla ya kugusa chochote

Kimiminika kilichomo ndani ni asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Vaa miwani ya kinga na glavu za mpira, vua pete, saa na mkufu, na tumia spana ambayo mpini wake umezungushiwa utepe wa kuzuia umeme, kwa sababu spana ikigusa vichwa viwili kwa pamoja hupitisha umeme mwingi kiasi cha kuunguza mkono na kuyeyusha chuma. Weka swichi ya kigari kwenye nafasi ya kuvutwa au ya matengenezo, ikiwa kigari chako kinayo, na utoe ufunguo. Asidi ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15 na umwone daktari bila kuchelewa.

Hatari ya pili haionekani kwa macho. Betri zinapokaribia kujaa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo inaweza kulipuka ikifikia asilimia 4 tu ya hewa iliyopo. Chaji mahali penye hewa inayozunguka, acha milango ya banda wazi, na usiruhusu sigara, mshumaa wala mashine yenye cheche karibu. Ikiwa kiti cha kigari kinafunika betri, kiinue wakati wa kuchaji.

Kuchaji

Kanuni ya kwanza ni kuchaji baada ya kila siku ya matumizi, hata kama mwendo ulikuwa mfupi. Wapo wanaoamini kwamba betri lazima iishe kabisa kabla ya kuchajiwa, imani iliyotokana na betri za aina nyingine za zamani. Kwa betri za risasi ni kinyume chake. Umeme unapotumika, salfeti ya risasi hujijenga juu ya sahani. Ikiwa changa ni laini na huyeyuka kwa urahisi betri inapochajiwa, lakini ikiachwa kwa siku nyingi hugeuka fuwele ngumu ambazo chaja haiwezi tena kuziondoa, na sehemu ya sahani iliyofunikwa nazo inakuwa imekufa. Jitahidi usitumie zaidi ya nusu ya uwezo wa betri katika siku ya kawaida, na usivuke asilimia 80 katika hali yoyote.

Chaja nzuri hufanya kazi kwa hatua. Mwanzoni hutoa umeme mwingi hadi betri zifike kama asilimia 80 au 90. Kisha hushikilia volti mahali pamoja, takriban 2.4 hadi 2.5 kwa kila seli, huku kiasi cha umeme kikipungua polepole. Kwa seti ya volti 48, yenye seli 24, hiyo ni karibu volti 58 hadi 60, na kwa seti ya volti 36 ni karibu 43 hadi 45. Mwishowe hujizima, au hushuka hadi volti ndogo ya kudumisha chaji. Hatua ya kati ndiyo inayochosha watu. Huchukua saa kadhaa kwa ajili ya asilimia chache zilizobaki, na mtu mwenye haraka huchomoa chaja akidhani kazi imekwisha, kumbe hizo saa za mwisho ndizo zinazosafisha sahani. Seti iliyotumika sana huhitaji saa 8 hadi 10, wakati mwingine zaidi. Iache chaja ijizime yenyewe. Ikilazimu kuikatisha, chomoa kwanza upande wa umeme wa ukutani, si plagi iliyo kwenye kigari, kwa kuwa plagi hiyo ikichomolewa umeme ukiwa unapita hutoa cheche karibu kabisa na gesi niliyoitaja.

Chaja ilingane na volti za seti na aina ya betri. Kuhusu nguvu yake, kipimo kinachofaa ni ampea zilizo kati ya asilimia 10 na 13 ya uwezo wa betri. Kwa betri za ampea-saa 225, chaja ya ampea 23 hadi 29 inatosha. Waya wa kurefushia, kama hauepukiki, uwe mfupi na mnene. Waya mwembamba hupata joto, hupunguza volti zinazoifikia chaja, na huweza kuwasha moto.

Kabla ya kuwasha chaja, fungua vifuniko uangalie kama maji yanafunika sahani, kisha uvifunge tena. Hali ya joto nayo ina uzito wake: betri ya moto huhitaji volti ndogo zaidi na ya baridi huhitaji kubwa zaidi, kwa kadiri ya volti 0.005 kwa kila seli kwa kila nyuzi moja ya Selisiasi juu au chini ya 25. Chaja za kisasa nyingi hurekebisha zenyewe. Kama yako haina uwezo huo, chaji nyakati za usiku katika majira ya joto kali, na usimamishe kazi betri ikikaribia nyuzi 50.

Kuna jambo moja linalowapeleka watu dukani kununua chaja mpya bila sababu. Chaja nyingi hupima kwanza volti za seti, na zikikuta ziko chini mno hukataa kuwaka. Mara nyingi chaja haina ubaya wowote. Chukua chaja ndogo inayolingana na volti za betri moja, uchaji kila betri peke yake kwa muda huku ukiisimamia, hadi jumla ya volti ipande kiasi cha kutambuliwa na chaja kuu.

Maji

Kuelekea mwisho wa kila chaji, sehemu ya umeme huyavunja maji kuwa haidrojeni na oksijeni, na gesi hizo hutoka kupitia vifuniko. Asidi haitoki, kinachopungua ni maji peke yake. Kwa hiyo kinachoongezwa ni maji peke yake, na hakuna wakati katika matunzo ya kawaida ambapo betri iliyokwisha kutumika huongezwa asidi. Tumia maji yaliyokenekwa au yaliyoondolewa madini. Soma lebo ya chupa kwa makini, kwa sababu asidi na maji huuzwa bega kwa bega katika chupa zinazofanana. Maji ya bomba na ya kisima yana madini ya chokaa, chuma na klorini yanayochafua sahani, na uchafu huo ukishaingia hautoki.

Ongeza maji baada ya kuchaji, si kabla. Kimiminika huvimba wakati wa kuchaji, hivyo seli iliyojazwa mapema itafurika, imwage asidi juu ya betri na kuozesha trei na nyaya, na asidi iliyomwagika imepotea moja kwa moja. Isipokuwa pale unapokuta sahani zimebaki wazi: hapo tia maji kidogo ya kuzifunika tu, chaji, kisha ukamilishe kujaza. Kiwango sahihi ni kama milimita 3 chini ya ukingo wa mdomo unaoshuka ndani ya seli. Tumia faneli ya plastiki, usitumie ya chuma.

Kagua kila mwezi mwanzoni, kisha urekebishe ratiba kadiri unavyoizoea seti yako. Betri zilizozeeka na zile zinazofanya kazi kwenye joto hunywa zaidi. Inafaa uandike kiasi ulichoongeza katika kila seli, maana maji yana habari nyingi. Seti nzima ikinywa maji mengi kupita kawaida, chaja huenda inazidisha. Isipokunywa kabisa kwa miezi, huenda chaji haifiki mwisho. Seli moja ikipungukiwa sana kuliko jirani zake, chunguza kama kasha limepasuka; na ile isiyopungua kamwe huku nyingine zikipungua ishuku pia, kwa sababu huenda haifiki kiwango cha kutoa gesi.

Vipimo vinavyosema kweli

Mshale au taa kwenye dashibodi ni makisio tu. Voltimita ni bora zaidi, mradi betri ziwe zimepumzika saa sita au zaidi bila kuchajiwa wala kutumika. Betri ya volti 6 iliyojaa husoma karibu 6.37, na ikibaki na nusu husoma karibu 6.05, ya volti 8 husoma 8.49 ikijaa na 8.07 ikiwa nusu. Kwa seti nzima, volti 48 iliyojaa ni karibu 50.9 na nusu ni 48.4, ilhali seti ya volti 36 husoma karibu 38.2 na 36.3. Tazama jinsi tofauti zilivyo ndogo: ndiyo sababu voltimita ya kidijitali yenye nukta mbili za desimali inahitajika.

Kwa maoni yangu, chombo chenye thamani kuliko vyote ni hidromita, ile bomba ya kioo yenye kielea inayopima uzito wa kimiminika cha kila seli ukilinganishwa na wa maji safi (maji safi yakiwa 1.000). Voltimita hukupa hali ya betri. Hidromita hukupa hali ya kila seli ndani ya betri. Vuta kimiminika na kukirudisha mara mbili tatu ili kielea kizoee joto, kisha usome kwa kulinganisha jicho na usawa wa kimiminika. Seli iliyojaa husoma kati ya 1.265 na 1.280 kulingana na mtengenezaji. Kipimo hicho ni cha nyuzi 27 za Selisiasi, ongeza 0.004 kwa kila nyuzi 5.5 zinazozidi hapo, na upunguze kiasi hicho hicho kwa kila nyuzi 5.5 zinazopungua. Usipime mara tu baada ya kuongeza maji, kwa kuwa maji mapya hukaa juu bila kuchanganyika na yatakudanganya.

Namba moja moja haina maana kubwa kama tofauti kati ya seli. Zikipishana kwa zaidi ya 0.030 baada ya chaji kamili, seti inahitaji kusawazishwa, yaani kuchajiwa makusudi kupita kiasi kwa muda mfupi na kwa volti za takriban 2.6 kwa kila seli, ili seli zilizobaki nyuma zizifikie nyingine na asidi iliyotuama chini ichanganyike. Kazi hii hufanywa kwa chaja yenye mpangilio huo, baada ya chaji ya kawaida kukamilika, na kwa betri za kuongezwa maji tu. Hakikisha maji yanafunika sahani, fungua mahali hewa iingie, pima kila saa, na usimame pale vipimo vitakapoacha kupanda. Mara moja kila mwezi mmoja hadi mitatu inatosha kwa vigari vingi. Kuzidisha huchakaza sahani. Seli iliyobaki nyuma kwa 0.050 au zaidi hata baada ya kusawazishwa kwa kawaida imeharibika.

Kipimo cha mwisho hufanyika kigari kikiwa kazini. Msaidizi aendeshe kwa mzigo kwenye mwinuko huku voltimita ikiwa imeunganishwa salama kwenye betri moja, kisha rudia kwa nyingine. Betri inayoporomoka ghafla kuliko wenzake ndiyo inayofupisha safari, hata kama inasoma vizuri ikiwa imetulia.

Usafi na nyaya

Vumbi lililochanganyika na unyevu wa asidi juu ya betri hupitisha umeme kidogo kidogo kutoka kichwa kimoja hadi kingine na kumaliza chaji usiku kucha. Funga vifuniko barabara, paka maji yenye bikaboneti ya soda, yale ya kuokea, subiri mapovu yaishe, suuza na ukaushe. Hata tone la mchanganyiko huo lisiingie ndani ya seli, kwani litaiua asidi.

Kutu ya kijani au nyeupe kwenye vichwa iondolewe kwa brashi ya waya. Unapofungua nyaya, anza na hasi kuu ya seti. Unaporudisha, imalize hiyo. Piga picha mpangilio wa nyaya kabla ya kufungua. Waya uliolegea hupata joto hadi kuyeyusha kichwa cha risasi, na uliokazwa kupita kiasi hukivunja, hivyo fuata kipimo cha mtengenezaji. Baada ya kukaza, ndipo upake vaselini au dawa ya kuzuia kutu juu, si katikati ya chuma na chuma.

Kuhifadhi na kubadilisha

Kigari kitakacholala kwa miezi kichajiwe hadi kijae na seti ikatwe kwenye mfumo, maana vifaa vidogo vya umeme huendelea kunywa hata ufunguo ukiwa umetolewa. Betri pia hujipunguza zenyewe, na kasi hiyo huongezeka kwa joto. Pima kila mwezi, na uchaji kabla hazijashuka chini ya asilimia 70, yaani karibu volti 6.19 kwa betri ya volti 6. Penye barafu, betri iliyojaa huhimili baridi inayozidi nyuzi 50 chini ya sifuri, lakini iliyoisha huweza kuganda kwenye nyuzi chache tu chini ya sifuri na kupasuka. Betri iliyoganda isichajiwe kabisa.

Wakati wa kubadilisha ukifika, badilisha seti nzima. Betri moja mpya kati ya zilizochoka hushuka haraka kufikia kiwango cha wenzake, na fedha zake zimepotea. Ubaguzi pekee ninaoukubali ni seti changa ambayo betri moja imeharibika mapema. Seti mpya nayo isitarajiwe kutoa nguvu zake zote siku ya kwanza, kwa kuwa huhitaji kutumika na kuchajiwa mara kadhaa kabla ya kufika kileleni, hivyo safari za mwanzo ziwe fupi.

Betri zilizofungwa na za lithiamu

Betri za risasi zilizofungwa, ziwe za jeli au za mkeka wa kioo, hazifunguliwi, haziongezwi maji na hazisawazishwi. Chagua kwenye chaja mpangilio wa aina yake hasa. Jeli huharibiwa upesi na volti kubwa.

Za lithiamu, nyingi zikiwa za fosfeti ya chuma, zina seli za volti 3.2, na seti ya seli 16 hufikia volti 51.2. Hizi haziathiriki kwa kukaa nusu chaji, na kwa hifadhi ya muda mrefu karibu nusu ndiyo hali inayozifaa. Zichajiwe kwa chaja iliyotengenezwa kwa ajili yake, na zisichajiwe zikiwa chini ya nyuzi sifuri, kwani seli huharibika ndani bila dalili ya nje. Volti zake hubaki karibu pale pale hadi chaji inapokaribia kuisha, kwa hiyo fuata asilimia inayoonyeshwa na mfumo wake wa usimamizi badala ya voltimita.

Betri za risasi zilizokwisha zirudishwe kwa muuzaji au kituo cha kuchakata, zikiwa wima na vifuniko vimefungwa, na vichwa vifunikwe kwa utepe ili visigusane njiani.